Nilivyokwenda Ujiji Kudai Ukoo

Mmenisumbua kisimani, mmenisumbua matangani, na juzi Mama Kalekwa kanifuata mpaka chooni, akasimama nje ya makuti akiuliza, "Bibi Tatu, ilikuwaje huko?" Haya. Nimekaa. Nimeazima daftari la mjukuu, nimechonga penseli kwa kisu cha mihogo, naandika yote mara moja. Asiyejua kusoma asomewe. Herufi nilijifunza uzeeni, kwa hiyo zinapanda na kushuka kama mbuzi kwenye kichuguu, lakini maneno yenyewe yamenyooka.

Kilichonipeleka mnakijua. Mjukuu wangu Shabani, yule seremala aliyehamia Kigoma, alimpenda binti wa Ujiji, Zainabu binti Salehe, akatuma washenga. Nikawa nangoja habari njema nishone nguo. Ikaja barua: "Bibi, wamekataa. Usihangaike, nitakueleza nikija Idi."

Nisihangaike! Mtoto huyu nimemlea tangu mama yake alipofariki, yeye hajaota jino hata moja. Mtu amkatae Shabani wangu, halafu mimi ningoje Idi?

Sababu niliijua bila kuambiwa. Watu wa Ujiji wanajiona. Wamemwona kijana katoka Tabora, wakasema huyo ni Mnyamwezi, mla michembe, mpeni maji ya kunywa aende zake. Na ninyi ni mashahidi, miaka yote nimewaambia mimi si Mnyamwezi. Mimi ni wa Ujiji, wa ukoo wa Kabwebwe, wenye nyumba ya mlango wa kuchongwa, na mama yangu aliingia Tabora na msafara kanibeba mgongoni. Wengine mlikuwa mkinisikia mnaangaliana. Niliwaona.

Basi nikasema nakwenda mwenyewe, wamjue bibi yake Shabani ni nani. Nikafunga kibuyu cha asali, kuku mmoja mwekundu, michembe ya kutafuna njiani, na karanga zangu za kusaga. Karanga sikuziacha kwa sababu nilikusudia kuwapikia sombe. Majani ya mihogo yaliyotwangwa, ninyi mnaita kisamvu, na kuyapika Kiujiji nimewafundisha mimi, msisahau.

Tabora mpaka Urambo

Gari la moshi liliambiwa liondoke asubuhi, likaondoka jua la utosi. Daraja la tatu viti ni mbao tupu, na mimi nyama za kukalia zimeshaisha. Pembeni yangu alikaa fundi cherehani mmoja, Mzaramo, jina lake Kibwana, mtu mwembamba mwenye mdomo mnene. Hatujafika mbali, kuku wangu akalia chini ya kiti.

"Ahaa!" akasema Kibwana. "Mnyamwezi, kumbe umemkumbuka mtani wako! Babu zako walipokuja pwani na pembe mabegani walikula mihogo ya babu yangu wakamwachia maganda. Leo ndiyo leo." Akamvuta kuku, akampakata.

Mnajua mambo ya watani. Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu siku za misafara. Akikutukana humkasirikii, unamtafutia tusi kubwa kuliko lake. Akichukua chako unacheka, kesho unachukua chake. Behewa zima liligeuka kunitazama, linangoja nimpasue. Na tusi lilikuwa tayari, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nikakumbuka mimi ni nani.

"Mrudishe kuku," nikasema. "Mimi si Mnyamwezi. Mimi ni mtu wa Ujiji."

Kibwana akainuka, akamrudisha kuku chini ya kiti kwa mikono miwili, taratibu, kama analaza mtoto mchanga. "Nisamehe sana, bibi. Sikuwa na haki. Shikamoo."

"Marahaba."

Tangu hapo hakuna aliyenitania. Kibwana alihamia kwa wanawake wawili Wanyamwezi waliokaa mbele yetu, akawanyang'anya mahindi ya kuchoma. Wao wakamnyang'anya kofia, wakamwambia kichwa chake kinafaa kusugulia masufuria. Walicheka mpaka wakatoa machozi. Mimi nilikaa na heshima yangu na kuku wangu. Kuku naye aligeukia upande wao.

Tulipopita Urambo nilichungulia dirishani. Si mnajua Wazungu walileta mitambo mikubwa kama nyumba walime karanga, karanga zikawagomea? Niliona trekta limekaa porini, majani yameota mpaka kwenye kiti cha dereva. Nikasema kwa sauti, "Wangeniuliza mimi."

Mwanamke mmoja akageuka. "Kumbe bibi, na nyie watu wa Ujiji mnalima karanga?"

Nikajifanya nimesinzia.

Malagarasi, siku moja na nusu

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu wiki nzima, na tulipofika Malagarasi maji yamepanda reli, reli haionekani. Tukaambiwa tushuke, tungoje. Tungoje mpaka lini? Mpaka maji yachoke.

Behewa letu likawa kijiji. Mmoja akaleta mafiga, mwingine sufuria, Kibwana akaenda kwa wavuvi akarudi na kambare mrefu kama mkono wake. Wakaanza kupika huku wanatukanana. "We Mzaramo, umekuja na samaki au nduguyo?" "Nduguyo wewe, angalia masharubu!" Nikainuka nikateke maji, nisaidie. Mwanamke yule wa mahindi akaniwahi. "Aa, bibi, keti. Mgeni hafanyi kazi."

Mgeni! Mahali ambapo anga la Tabora bado linaonekana.

Chakula kilipoiva walinitengea sahani yangu peke yangu, na kipande cha katikati, kinono. "Karibu, bibi wa Ujiji." Wao walikula sinia moja, wananyang'anyana kichwa. Sijawahi kula samaki mtamu kwa unyonge namna ile.

Siku ya pili kuku akakata kamba. Akatoka mbio kuelekea majini, na mimi nyuma yake, kanga mkononi, nikipiga kelele, "Mayo! Mayo weee!" Nadhani walinisikia mpaka Tabora. Kibwana akamdaka kwenye matope, akaja naye amemshika miguu.

"Bibi," akasema kwa adabu nyingi, "huko Ujiji watu wakishtuka wanamwita mama kwa Kinyamwezi?"

"Tuliwaiga majirani."

"Naam, bibi." Akaondoka haraka. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Uvinza

Pale Uvinza gari lilisimama kidogo, nikashuka kununua chumvi. Chumvi ya Uvinza haina haja ya kusifiwa, mababu waliifuata kwa miguu. Nilimkuta mama mmoja ameipanga kwenye mafurushi ya majani. Nikamsalimu, nikauliza bei.

"Karibu, mama wa Tabora," akasema.

"Nani kakwambia natoka Tabora?"

Akanitazama bila haraka. "Umepiga magoti na makofi kunisalimu, mimi niliye sawa na mwanao. Una michembe kwenye pindo la kanga. Na umeniuliza kama chumvi yangu inakubaliana na karanga."

Nilinunua furushi moja badala ya matatu, kumkomoa. Mpaka leo najuta, chumvi ile nzuri.

Kigoma mpaka Ujiji kwa miguu

Shabani alinipokea stesheni. Amekonda, mashavu yameingia ndani. "Shikamoo, bibi. Mbona nilisema usije?"

"Marahaba. Ulisema nisihangaike. Hukusema nisije."

Akabeba mzigo, tukashika njia ya Ujiji. Ziwa nimeliona. Ni maji mengi kuliko haja. Mtoto wa watu kila tukitembea kidogo anasimama.

"Bibi, kabla hatujafika, kuna jambo la ukoo nataka—"

"La ukoo niachie mimi."

"Lakini bibi, ukisema kwamba sisi—"

"Shabani, nani alikufundisha kusema? Basi nyamaza niwaze maneno yangu."

Akanyamaza. Wenzangu, mkiwa na mjukuu anataka kuwaambia jambo, mwacheni aseme. Hilo ndilo nililojifunza safari nzima, mengine nilikuwa nayajua.

Nyumba ya kina Zainabu, ambao nilikuwa nimeshasikia kuwa nao ni wa Kabwebwe, haikuwa na mlango wa kuchongwa. Mlango ulikuwa wa mbao za masanduku, na ubao mmoja ulikuwa bado na maandishi ya sabuni. Nikajisemea labda ule mzuri umepelekwa kutengenezwa. Akatoka Bi Hadija, bibi yake Zainabu, mwanamke mrefu wa rika langu, na nyuma yake mwanawe Salehe, baba wa binti, kavaa kanzu na kilemba.

Sikungoja hata kukaa. Nikasema yale niliyoyapanga tangu Tabora: "Mimi ni Tatu. Mama yangu alitoka hapa kanibeba mgongoni. Mimi ni wa ukoo wa Kabwebwe, nimerudi kwetu, na yeyote anayemdharau mjukuu wangu anaidharau damu yake."

Bi Hadija akanitazama, akafungua mikono. "Ndugu yangu!" Akanikumbatia, akalia, nami nikalia. Wanawake wa uani wakapiga vigelegele. Salehe akaniita shangazi. Mimi nikageuka nimwone Shabani anavyofurahi, nikamkuta amekaa barazani kashika kichwa kwa mikono miwili. Nikasema furaha imemzidi.

Jikoni kwa Bi Hadija

Ushindi ukikupanda kichwani hutaki kukaa. Nikawaambia, "Leo hapiki mtu. Nawapikia sombe, mjue kwamba hata ugenini tuliyashika ya kwetu." Wakafurahi sana. Zainabu akanitwangia majani. Binti ana mikono mizuri, hatupi mchi ovyo. Pembeni ya koroboi palikuwa na chupa ya mafuta mekundu, mazito. Nikaisogeza mbali, isije ikamwagikia chakula. Nikatia karanga zangu, nikakoroga, nikaonja. Ilikuwa ile ile mnayoijua, inayomfanya Mama Kalekwa apite kwangu saa za kula.

Wakakaa. Wakatia tonge.

Salehe alitafuna, akaacha kutafuna, akaendelea. "Shangazi, hii ni nini?"

"Sombe."

"Sombe ya wapi?"

"Ya hapa! Alivyonifundisha mama yangu."

Bi Hadija akachungulia sinia kama anatafuta kitu kilichopotea. "Mwenzangu, mawese yako wapi?"

"Mawese gani?"

Akanyoosha kidole kwenye ile chupa.

"Hayo si ya taa?" nikasema.

Jamani. Zainabu alijifunika kanga uso mzima. Salehe alicheka mpaka kilemba kikamfunguka. Bi Hadija alikuwa anajipigapiga kifuani, "Ya taa! Ya taa!" Akapata pumzi, akasema, "Mwenzangu, karanga kwenye sombe ni mambo ya Wanyamwezi. Hapa hata mgonjwa hatumpi."

Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mama alifika Tabora akakosa mawese, akatia alichopata. Mimi nikala nikiamini ndiyo Ujiji yenyewe. Nikawafundisha ninyi. Nikawagombeza ninyi mlipopunguza karanga!

Shabani akanifuata. Safari hii nilimwacha aseme.

"Bibi, hawakunikataa kwa kuwa ni Mnyamwezi. Wanyamwezi wameoa hapa wengi tu. Washenga waliulizwa sisi ni wa nani, wakasema kama ulivyotuambia siku zote, wa Kabwebwe. Na wao ni Kabwebwe. Hapa wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Sheikh anasema dini inaruhusu. Wazee wanasema sheikh ana mabinti wake, awaoze yeye."

"Ehe?"

"Baba yake Zainabu alikuwa ameanza kulegea, akisema labda washenga walikosea. Leo wewe umekuja mwenyewe, umeapa, umekumbatiwa, umelia. Kesho Zainabu ataniita kaka."

Nikakaa chini, pale pale kwenye majani ya migomba.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikuwahi kuwaambia, wala marehemu mume wangu hakulijua. Mama hakunitajia ukoo hata siku moja. Nilipomuuliza alisema, "Tulipita Ujiji, tukakaa mpaka mvua ikakatika," akaendelea kupepeta mchele. Alitoka wapi kabla ya hapo, na nani alimtoa, hakusema. Jina la Kabwebwe nililisikia sokoni kwa mchuuzi mmoja wa dagaa. Nilikuwa bi harusi wa mwaka mmoja, na wiki ile wifi yangu alikuwa ameniuliza mbele ya watu, "Hivi wewe hasa ni wa nani?" Jina lilikuwa zuri, lina mlango wa kuchongwa. Nikalichukua. Nimelivaa mpaka likanikaa.

Nikainuka, nikajipangusa, nikaingia ndani. Walikuwa bado wanafuta machozi.

"Salehe, mwanangu," nikasema, "nimesema uongo. Mimi si wa Kabwebwe. Sijui mimi ni wa nani huko nyuma. Ninachokijua, nimekulia Itetemia ya Tabora, nimeolewa Itetemia, nalima karanga Itetemia. Mimi ni Mnyamwezi, na ushahidi uko kwenye sinia."

Kilemba alikuwa anakifunga upya. Akanitazama kwa jicho la kadhi. "Shangazi, nikuamini sasa hivi, au nikuamini kama nilivyokuamini asubuhi? Labda umeambiwa na mjukuu wako huko nje, umeona bora uukane ukoo ili aoe."

Na kweli nilikuwa nimeambiwa! Wenzangu, asubuhi niliongopa nikakumbatiwa. Sasa nasema kweli, naambiwa nithibitishe. Nikamwona Zainabu mlangoni, kanga kaing'ata.

Nikafungua mzigo wangu wote katikati ya mkeka. Nikamwaga michembe. "Onja."

"Ni nini?"

"Viazi vitamu. Vimekatwa vikaanikwa juani."

Akatia kimoja mdomoni. Akatafuna. Akahamishia upande wa pili. Bi Hadija alimuuliza kama amletee maji, akakataa kwa mkono. Tulingoja muda mrefu. Mwishoni akameza, akavuta pumzi.

"Mama," akamwambia Bi Hadija, "hakuna mtu atakayebeba kitu hiki kutoka Tabora mpaka hapa kama hakukua nacho. Huyu si ndugu yetu. Huyu ni Mnyamwezi."

"Mnyamwezi kabisa," nikasema. Na ulimi haukuungua.

"Basi washenga waje tena Ijumaa. Na safari hii waseme kweli tangu mlangoni."

Shabani alilia. Akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimwa zamani.

Kurudi

Nikakaa mpaka ndoa ikafungwa. Harusi mtasimuliwa na Zainabu mwenyewe, anakuja kututembelea baada ya mavuno, na mtamwacha apike kwa mawese, msimcheke.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Bi Hadija peke yake jikoni, amejiinamia. Alikuwa anakomba chungu kwa kidole. Siku ile nilikuwa nimempikia tena sombe ya karanga, kwa kuwa aliniomba, akisema ni kwa ajili ya jirani.

"Jirani yuko wapi?" nikamuuliza.

Akaruka. Halafu akacheka, akanivuta nikae karibu, akachungulia mlangoni kwanza.

"Tatu," akasema chini kwa chini, "bibi yangu naye aliletwa na msafara. Kutoka ng'ambo ya ziwa, mtoto mdogo, hata jina lake hakulijua vizuri. Nyumba aliyolala siku ya kwanza ilikuwa ya kina Kabwebwe. Palipokucha wakamuuliza wewe wa nani, akatazama huku na huku, akasema, wa hapa."

Nikanyoosha mkono nikarudisha mlango.

"Salehe hajui," akasema. "Hebu waza pale barazani, nakuita ndugu yangu, unanililia shingoni, na mimi nalia, najiuliza huyu akiniuliza habari za babu Kabwebwe nitamwambia nini?"

Tulicheka mpaka ikabidi tushikane. Kisha akanishika mkono kwa nguvu, akaniapisha kwamba siri hii sitamwambia mtu yeyote wa Ujiji maisha yangu yote.

Na sikumwambia. Nimewaambia ninyi tu, na ninyi ni watu wa Tabora, kama mimi.